Kuchanganya uyoga dawa na jinsengi: kimoja kwanza, saa yake, halafu ndo changanya

Mtu akishakuwa na kopo la unga wa reishi, ambao ni uyoga, na chupa ya jinsengi, ambayo ni mzizi, mezani, kitu cha kwanza anachowaza ni vijiko vingapi vya hiki na matone mangapi ya kile, anavimwaga kikombe kimoja asubuhi anakunywa, siku zinakwenda, baadae usingizi haueleweki, tumbo linaunguruma, na hapo hajui nani kati ya hao wawili ndo mkorofi. Hapo ndo wengi wanapokwama na wala haihusiani na ubora wa dawa yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba kuchanganya si lazima kuwe kwenye kikombe kimoja, unaweza kuchanganya ndani ya siku moja, jinsengi asubuhi reishi jioni, na kwa watu wengi huo ndo mchanganyiko wenye akili kuliko kapsuli moja iliyoshindiliwa uyoga aina kumi na mzizi juu yake, ambayo ukisoma nyuma ya kopo unakuta kila kimoja kimo miligramu hamsini tu, kiasi ambacho hakisaidii wala hakidhuru.

Hapa naposema ekstrakti namaanisha kile kiini kilichotolewa kwa maji moto au kwa spiriti halafu kikakaushwa kuwa unga au kikabaki maji maji, sio uyoga uliosagwa tu. Tofauti ni kubwa na tutaifikia.

Kila kimoja kinafanya nini

Jinsengi ya kweli ni mzizi wa mimea ya jenasi ya Panax. Iko ya Asia, Panax ginseng, inayolimwa sana Korea na China, na iko ya Amerika, Panax quinquefolius, inayolimwa Marekani na Kanada. Ile ya Asia ukiivuna ukaianika tu inaitwa nyeupe, ukiipika kwa mvuke kwanza ndo ukaikausha inageuka rangi inaitwa nyekundu, na sio rangi tu, ule mvuke unabadilisha kemikali zake, baadhi zinapungua na nyingine kama Rg3 zinaongezeka. Kemikali zenyewe zinaitwa jinsenosaidi, ziko nyingi, na ndo zinazotafutwa kwenye kila kopo. Halafu kuna kitu kinauzwa kwa jina la jinsengi ya Siberia, Eleutherococcus senticosus, hiyo ni mmea mwingine kabisa hauna jinsenosaidi hata moja, na Marekani tangu 2002 sheria hairuhusu kuuita jinsengi kwenye lebo. Sio mmea mbaya, ila ukiufuata kwa dozi za Panax unapiga hesabu za mtu mwingine.

Watu wanaitafuta jinsengi kwa ajili ya uchovu, na hapa angalau kuna kitu cha kushika. Mwaka 2013 yalitoka majibu ya jaribio lililoongozwa na Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, kwa wagonjwa wa saratani 364 waliokuwa na uchovu, nusu walipewa jinsengi ya Amerika miligramu 2000 kwa siku nusu wakapewa vidonge vitupu, na tofauti ya maana ilionekana wiki ya 8, wiki ya 4 ilikuwa bado. Sasa linganisha na mtu anayekunywa siku tatu anasema haifanyi kazi. Na kingine ni kwamba jinsenosaidi kubwa kama Rb1 haziingii mwilini kirahisi zilivyo, bakteria wa utumbo wako ndo wanazikata vipande vidogo kwanza, na bakteria wa kila mtu ni wake, kwahiyo jirani anaweza kuruka ruka kwa dozi ambayo wewe huisikii kabisa na wote mko sawa.

Uyoga wenyewe sasa. Reishi, Ganoderma lucidum na ndugu zake, ni mgumu kama ubao, mchungu, na una makundi mawili ya kemikali zinazotakiwa: beta-glukani ambazo ni sukari ndefu zilizojengwa kwenye ukuta wa seli na zinazungumza na mfumo wa kinga, na triterpeni ambazo ndo uchungu wenyewe. Watu wengi wanautumia jioni kutulia. Kwenye moyo na presha usidanganywe, uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ulikusanya majaribio ya reishi kwa sukari, mafuta ya damu na presha ukasema ushahidi hautoshi kuutumia kwa hayo, kwahiyo akija mtu anakwambia acha vidonge vya presha unywe reishi, mpishe apite.

Uyoga mweupe wenye manyoya marefu yanayoning'inia, Hericium erinaceus, kwenye chupa unaandikwa lion's mane, mimi naita uyoga wa manyoya. Huu ni wa kichwa, kumbukumbu na umakini. Jaribio la Japani la 2009 lilichukua watu 30 wa miaka 50 hadi 80 wenye usahaulifu wa awali, waliokula gramu 3 za unga wake kwa siku kwa wiki 16 walipata alama bora kuliko waliopewa vidonge vitupu, na walipoacha, wiki 4 baadae alama zikashuka. Watu 30 ni wachache, ila hako kakipande ka mwisho ka kushuka baada ya kuacha ndo kananifanya niuheshimu huu uyoga.

Kordisepi ni wa nguvu na pumzi, na hapa jua kwamba ule wa porini unaoota juu ya kiwavi kwenye nyanda za juu za Tibet ni ghali mno, kwahiyo kilichomo kwenye makopo mengi ni Cordyceps militaris, ule wa rangi ya chungwa unaolimwa, na hamna ubaya. Mkia wa bata mzinga, Trametes versicolor, ndo uliotoa PSK, dawa iliyotolewa kwenye uyoga huo, iliyosajiliwa Japani mwaka 1977 kutumika sambamba na matibabu ya saratani, nasema sambamba, sio badala yake. Chaga, uyoga mwingine unaouzwa, nitauongelea kwenye hatari kwa sababu huko ndo kwake.

Majaribio karibu yote niliyoyataja yalipima kimoja kimoja. Vitabu vya kale vya tiba ya Kichina vinaweka jinsengi na reishi kwenye daraja la juu la dawa za kujenga mwili na waganga wao wamevitumia pamoja miaka na miaka, lakini hiyo ni mila ya matumizi, sio jaribio. Ndo maana nakazania uanze na kimoja kwanza, kwa sababu kipimo pekee cha mchanganyiko wako ni mwili wako, na mwili hauwezi kukupa jibu kama umeuuliza maswali mawili kwa pamoja.

Kabla hujawasha jiko, angalia dawa unazotumia

Hii sehemu usiiruke hata kama umeshasoma kwingine.

Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, jinsengi weka pembeni. Jaribio la 2004 kwa watu 20 wenye afya lilionesha jinsengi ya Amerika inapunguza nguvu ya warfarini, maana yake damu inaweza kuganda wakati wewe unajua umekingwa. Reishi nao unadhaniwa kuvuta upande wa pili, kufanya damu iwe nyepesi, sasa ukiweka vyote viwili juu ya dawa ya damu daktari wako atakuwa anapima vipimo ambavyo havikai sehemu moja. Vivyo hivyo kwa aspirini na klopidogreli, ongea na aliyekuandikia kwanza.

Sukari: jinsengi inaweza kushusha sukari baada ya kula, ni jambo zuri kwenye karatasi, ila ukiwa kwenye insulini au vidonge vya sukari unaweza kushuka kupita kiasi, unatetemeka jasho linatoka na unadhani ndo dawa inafanya kazi. Wenye sukari wasinywe jinsengi tumbo tupu na wapime mara nyingi kuliko kawaida zile wiki za mwanzo, baada ya kuongea na daktari, sio kabla.

Waliopandikizwa figo au ini na wanaotumia dawa za kushusha kinga hawa uyoga dawa si wao, full stop, beta-glukani zinaamsha kitu ambacho dawa zao zinajitahidi kukilaza. Wenye magonjwa ambayo kinga inashambulia mwili wenyewe kama lupus, nao wamuulize daktari. Jinsengi imeripotiwa kuleta sumu kwenye ini ikikutana na imatinibu ya saratani na raltegraviri ya VVU, kwahiyo mtu yeyote kwenye dawa za saratani au za VVU asianze bila mfamasia kuangalia orodha yake nzima. Na dawa za zamani za mfadhaiko za aina ya fenelzini pia hazipatani na jinsengi, watu wamepata kichwa kuuma na kuchangamka kupita kiasi.

Mjamzito na anayenyonyesha, acha. Mtoto, acha. Mwenye ini bovu, acha reishi hasa ule wa kusagwa, kuna watu walipata homa ya ini baada ya kuhama kutoka reishi wa kuchemsha kwenda unga mkavu. Na mtu yeyote akiona macho yanakuwa njano, mkojo unakuwa mzito rangi, mwili unawasha bila sababu, anaacha siku hiyo hiyo na kwenda kupima ini, asisubiri kumaliza kopo.

Chaga una oksaleti nyingi sana, chumvi zinazoweza kutengeneza mawe ya figo. Kuna mgonjwa Japani aliyekuwa anakula vijiko vya unga wake kila siku kwa miezi akaishia na figo zilizokufa kwa oksaleti. Mwenye historia ya mawe ya figo asiuguse, na asiye na historia sioni kwanini auingize kwenye mchanganyiko wa kila siku wakati kuna uyoga mwingine usio na hiyo shida.

Upasuaji ukiwa umepangwa simamisha vyote wiki mbili kabla na umwambie daktari wa usingizi ulikuwa unatumia nini.

Kujua kama kopo lina kitu

Mwaka 2017 watafiti walipima makundi 19 ya virutubisho vya reishi vilivyouzwa Marekani, ni 5 tu ndo vilikuwa na kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kwahiyo kabla ya kuhangaika na uwiano hakikisha unachochanganya kipo.

Lebo ikisema "polisakaridi asilimia 40" usifurahi bado, maana wanga nao ni polisakaridi. Kuna uyoga unaoteshwa kwenye nafaka, zile nyuzi nyeupe za uyoga yaani maiselia zinaingia ndani ya nafaka hazitengani, wanasaga vyote wanauza, na wanga wa nafaka unahesabika humo humo kama polisakaridi. Unachotaka kuona ni neno beta-glukani na asilimia yake, na kama imetajwa kwamba ni tunda la uyoga, ile sehemu inayoonekana juu, bora zaidi. Uwiano wa 10:1 maana yake tu kilo 10 zimetoa kilo 1, haisemi ndani kumebaki nini, mtu anaweza kuwa na 20:1 ya hovyo.

Nyumbani kuna vipimo vitatu rahisi. Cha kwanza chukua nusu kijiko cha unga wa uyoga, koroga kwenye maji ya moto, acha yapoe kabisa (yakiwa moto rangi haitokei), halafu dondosha matone mawili ya iodini ile ya kupaka kidonda. Ikibaki kahawia au njano njano, vizuri. Ikigeuka bluu nzito inayokaribia weusi huo ni wanga, na mwingi, umenunua nafaka. Maji hayo unamwaga, hayanywewi. Iodini inakamata wanga tu lakini, kijazio kama maltodekstrini kinaweza kuipita. Cha pili ni ulimi: ekstrakti ya reishi isiyo chungu haina triterpeni za maana, uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi dakika kadhaa hautoki hata ukinywa maji. Cha tatu ni cha jinsengi, jinsenosaidi ni saponini, yaani kemikali zinazotoa povu kama sabuni, kwahiyo ukiweka ekstrakti kidogo kwenye chupa ya maji ukatikisa kwa nguvu lazima ipande povu jeupe zito na likae dakika nyingi, povu likikatika mara moja hapo kuna walakini. Hivi vipimo havithibitishi ubora wote ila vinakutoa kwenye mikono ya matapeli wa wazi. Kwa jinsengi soma pia asilimia ya jinsenosaidi, ekstrakti nyingi zilizotumika kwenye majaribio zilikuwa karibu asilimia 4.

Mpangilio wenyewe

Wiki mbili za mwanzo ni jinsengi peke yake. Ekstrakti yenye asilimia 4 anza miligramu 100 asubuhi pamoja na chakula, siku tano sita hamna shida panda 200, ambayo ni kama gramu moja ya mzizi mkavu, na majaribio mengi yapo kwenye 200 hadi 400 kwa hiyo hamna haja ya kukimbilia juu. Isipite saa sita mchana, na hizo wiki punguza kahawa, kwa sababu jinsengi na kafeini vyote vinakukimbiza upande mmoja na usiku ndo utajua. Andika sehemu vitu vitatu tu, umelala saa ngapi, nguvu saa tisa alasiri ikoje, tumbo likoje. Kama una presha, pima na presha pia.

Wiki mbili zinazofuata simamisha jinsengi, weka uyoga mmoja, MMOJA. Kama shida yako ni usingizi na msongo chagua reishi, ekstrakti nusu gramu saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya siku kadhaa panda gramu 1 hadi 1.5 kama kopo linavyoelekeza. Kama shida ni umakini chagua uyoga wa manyoya, asubuhi, gramu 1 ya ekstrakti. Kama ni pumzi na mazoezi kordisepi, asubuhi pia. Siku za mwanzo gesi na choo laini vinaweza kutokea, kikizidi rudisha dozi nusu. Upele au midomo kuvimba sio kitu cha kurudisha dozi, ni cha kuacha kabisa.

Ukishapita hapo ndo unaunganisha, na hapa panategemea unataka nini. Mtu mchovu mchana na asiyelala usiku namwambia jinsengi 200 asubuhi, reishi gramu 1 jioni, vikombe viwili tofauti, asijaribu kuvikutanisha. Mtu wa kusoma au kazi ya kukaa na kompyuta anaweza kuweka jinsengi na uyoga wa manyoya kikombe kimoja asubuhi maana vyote vinakwenda upande mmoja, jinsengi 100 hadi 200 na uyoga gramu 1. Wa mazoezi jinsengi na kordisepi, lakini huyu aanze na nusu ya kila kimoja kwa kuwa vyote viwili ni vya kuchangamsha na moyo kwenda mbio unaweza kuja mapema. Kwa mtu anayepata joto, kichwa kuuma au hasira za karibu akinywa ya Asia, abadilishe kwenda ya Amerika, watumiaji wengi wanaiona tulivu zaidi.

Aina ya tatu usiongeze mpaka mwezi upite. Najua inavutia.

Kupika mwenyewe kwa maji

Beta-glukani zimefungwa kwenye ukuta wa seli pamoja na kaitini, kitu kilekile cha gamba la mdudu, na utumbo wetu haukivunji vizuri, ndo maana uyoga mbichi uliosagwa na kukorogwa kwenye maji ya uvuguvugu unapita tu. Maji ya moto na muda ndo funguo. Jinsengi haitaki muda wote huo, kwahiyo haziingii sufuriani kwa wakati mmoja.

Chukua vipande vikavu vya reishi gramu 6 (mizani ndogo ya jikoni, usikadirie kwa macho), nunua uliokatwa tayari kwa sababu mzima utaharibu kisu. Suuza haraka, weka kwenye maji lita 1, sufuria la stenlesi au chungu au la kioo, sio aluminiamu. Loweka nusu saa, washa moto, yakichemka shusha moto hadi yawe yanatokota kidogo kidogo, funika, kaa saa moja na robo. Wakati huo jinsengi vipande gramu 2 hadi 3 viwe vimelowekwa kwenye kikombe cha maji ya baridi, na ikifika saa moja na robo mimina vyote na maji yake ndani, endelea dakika 45. Maji yakipungua sana ongeza ya moto. Mwishoni utakuwa na nusu lita hivi ya maji ya kahawia mazito yenye harufu ya kuni na udongo, chuja, kunywa nusu asubuhi na nusu kabla ya saa sita mchana, au ukiwa mgeni gawanya siku mbili. Kwenye friji yasizidi siku tatu. Vile vipande usitupe, vichemshe tena mara moja kwa maji nusu lita, bado vina kitu, na vipande vya jinsengi unaweza kuvitafuna.

Asali weka ikishapoa kidogo, tangawizi ruhusa, ila uchungu hautaisha, zoea tu.

Kutengeneza ya matone

Triterpeni za reishi haziyeyuki vizuri kwenye maji, zinataka spiriti, na beta-glukani hazitaki spiriti zinataka maji, kwahiyo ekstrakti kamili ni ya mara mbili. Asiyetumia pombe kwa dini au kwa afya hii aiache, ile ya kupika inamtosha, na anayetumia metronidazoli au aliyeacha ulevi pia hii isiingie nyumbani kwake.

Reishi mkavu gramu 100 uliokatwa vipande vidogo, mimina spiriti ya kunywa ya asilimia 50 mililita 500, mtungi wa kioo wenye mfuniko, gizani wiki nne, tikisa kila siku. Isiwe spiriti ya hospitali wala ya kusafishia, hizo ni sumu. Baada ya wiki nne chuja ukamue kwa kitambaa, hiyo spiriti weka pembeni. Makapi yale yale tia maji lita 1, chemsha saa mbili moto mdogo hadi ibaki mililita 250, chuja, subiri IPOE KABISA ndo umimine kwenye spiriti taratibu ukikoroga. Ukimimina ya moto spiriti inapaa, na kama jiko bado linawaka moto unaweza kuidaka. Kitu kitakachokushtua ni kwamba inageuka mawingu mawingu na nyuzi nyuzi zinaelea, usidhani imeoza, ni zile polisakaridi zinajikusanya zikikutana na spiriti, usizichuje ukazitupa maana ndo mali yenyewe, unatikisa tu chupa kabla ya kutumia. Pombe iliyobaki humo inakuwa kama asilimia 30, inatosha kuilinda isiharibike.

Jinsengi tengeneza chupa yake, gramu 100 kwa mililita 500 za spiriti hiyo hiyo, wiki nne, chuja, basi, hamna kuchemsha. Hapo mililita 5 zinabeba kama gramu 1 ya mzizi. Ukitaka chupa ya mchanganyiko changanya kidogo kidogo ya wiki moja tu, sehemu mbili za reishi kwa sehemu moja ya jinsengi, mililita 7 asubuhi kwenye maji. Chupa kubwa ziache zikae peke yake, ili siku ukitaka kubadili uwiano, au daktari akikuambia utoe kimoja, usimwage vyote. Lebo iwe na jina, asilimia ya spiriti na tarehe, na ikae juu watoto wasipofika.

Jinsengi usinywe mwaka mzima bila kukata, Wakala wa Dawa wa Ulaya nao unaweka miezi mitatu kama mwisho wa matumizi mfululizo. Mimi nasema miezi miwili hadi mitatu halafu wiki nne bila, reishi unaweza kuendelea nao kipindi hicho. Hizo wiki nne endelea kuandika vile vitu vitatu vya usingizi, alasiri na tumbo, na ukifika mwisho ukakuta hamna tofauti yoyote na ulipokuwa unakunywa basi usinunue tena, baki na reishi peke yake au acha vyote.